Maotea ya Mkorosho Yaondoke Kabla ya Juni

Mvua zinaelekea ukingoni, na kuanzia Newala hadi Masasi mikorosho inajiandaa kutoa majani mapya. Wakulima wengi huuliza wakati huu: tupunguze majani ili mti uzae zaidi? Ndiyo, lakini yale ya ndani tu, na kazi iishe kabla ya Mei kwisha.

Ingia chini ya mkorosho wako utazame juu. Kwenye shina na matawi manene utaona maotea, vijiti vilivyonyooka vyenye majani laini. Yanapendeza, na wengi huyaonea huruma. Lakini humo ndimo ugonjwa wa ubwiri unga unamojihifadhi. Ukungu huu hauliwezi jani lililokomaa. Unataka jani changa, kivuli na usiku wenye umande. Msimu wa maua ukipita, unaendelea kuishi kwenye maotea hayo. Mti ukichanua tena, upepo unabeba unga ule mweupe hadi kwenye maua, nayo yanakauka kabla ya kushika korosho.

Wazee wa huku hawajasahau hasara yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Watu kuhamishiwa vijiji vya mbali na mashamba yao kulichangia, bei mbovu pia, lakini ubwiri unga uliumiza sana. Leo tuna salfa, na salfa inasaidia. Ila ukiacha maotea ndani ya mti, ugonjwa unaanza mapema na utapuliza mara nyingi zaidi, kwa fedha yako.

Kata maotea kwa kisu kikali au msumeno, karibu kabisa na tawi. Usinyofoe kwa mkono, maana gome likichanika linakaribisha wadudu wanaotoboa shina. Ulivyokata vitoe shambani.

Majani ya nje usiyaguse. Mkorosho huchanua kwenye ncha za matawi yanayopata jua, kwa hiyo anayepunguza pembeni sasa anakata korosho zake za Oktoba. Matawi makubwa yanayosongamana na mti wa jirani yalifaa kupogolewa mara baada ya mavuno. Kama ulichelewa, subiri mavuno yajayo. Na ukikuta majani yameshonwa kuwa kiota cha majimoto, yaache, hata kama wanauma. Wadudu hao wanamwinda mdudu mharibifu aitwaye mbu wa mikorosho.

Kwenye miche iliyobebeshwa, ondoa kila chipukizi linalotoka chini ya kiungio, mwaka mzima. Mengine yote mche unayahitaji.

Swali la kupunguza majani linahusu muhogo pia. Kuhusu kisamvu, mama zangu, chumeni majani machache kwa kila shina, kisha mlipumzishe kama miezi miwili. Muhogo unaochumwa kila wiki hautii mizizi ya maana. Na shina mnalotaka kulikatia mbegu ya msimu ujao msilichume kabisa: majani yake ndiyo yatakayowaonyesha kama lina ugonjwa wa batobato.