Unapeleka Mizigo ya Watu: Wewe ni Mwajiriwa au Mkandarasi?

Wengi wenu mnalipwa kupitia simu kwa kila mzigo mnaofikisha. Asubuhi unachukua vifurushi stoo, unazunguka mtaani, na jioni salio linasoma vizuri. Kwenye mkataba umeandikwa "mkandarasi huru", na umeambiwa wewe ni bosi wako mwenyewe.

Inasikika poa. Lakini siku pikipiki ikipata ajali ukiwa na mzigo wa kampuni, nani analipa hospitali? Ukilala wiki mbili, nani analipa kodi ya nyumba? Majibu yanategemea neno hilo moja kwenye mkataba, na kama neno hilo ni la kweli.

Leo tujifunze kupitia kesi maarufu za madereva wa vifurushi kule Marekani. Sheria zao si zetu, lakini maswali yaliyoulizwa kule yanamhusu kila mtu anayebeba mizigo.

Barabara moja, sanduku moja, madereva wawili

Marekani kuna kampuni mbili kubwa za kupeleka vifurushi, UPS na FedEx. Madereva wa UPS ni waajiriwa, na ni wanachama wa chama cha wafanyakazi cha Teamsters. Gari ni la kampuni, na mafuta pia.

Kitengo cha FedEx Ground kilifuata njia nyingine. Kwa miaka mingi kiliwaandikisha madereva kama wakandarasi huru. Dereva alijitafutia gari, akalilipia mafuta, tairi, matengenezo na bima. Hata sare na kifaa cha kuskani mizigo vilikuwa ndani ya huduma ambazo gharama yake ilikatwa kwenye malipo yake.

Kwa hiyo madereva wawili wangeweza kugonga mlango wa jirani mmoja siku moja, kila mmoja na sanduku lake. Mmoja akiugua, ana haki za mwajiriwa. Mwingine akiugua, gari limesimama na bili zinaendelea.

Mahakama iliangalia nini?

Madereva wa California waliofanya kazi kati ya 2000 na 2007 walienda mahakamani. Walidai kwamba kwa matendo, wao ni waajiriwa. Kampuni ilijibu kwamba dereva ana gari lake, anaweza kuajiri msaidizi, na anaweza hata kuchukua ruti zaidi ya moja, kama mfanyabiashara yeyote.

Agosti 2014, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliwapa madereva ushindi. Haikuishia kwenye jina lililo kwenye mkataba, bali iliangalia nani anashika usukani wa kazi yenyewe:

• Dereva alivaa sare ya kampuni na kufuata masharti ya jinsi ya kuonekana nadhifu.
• Gari "lake" lilitakiwa kuwa jeupe, kwa rangi iliyochaguliwa na kampuni, na nembo ya kampuni ubavuni. Hata vipimo vya rafu za ndani vilipangwa.
• Kampuni iliamua apeleke mizigo gani, siku gani na ndani ya saa zipi. Kazi ilipangwa ijaze siku nzima.
• Kuchukua ruti nyingine au kumweka mtu mwingine kulihitaji kibali cha kampuni.

Jaji mmoja, Stephen Trott, aliongeza kisa ambacho watu humpa Abraham Lincoln. Ukiuita mkia wa mbwa mguu, mbwa ana miguu mingapi? Bado ni minne. Kuuita mkia mguu hakuufanyi uwe mguu.

Mwaka 2015 FedEx ilikubali kulipa dola milioni 228 kumaliza kesi hiyo ya California, iliyohusu madereva takriban 2,300. Ukigawanya, ni karibu dola 100,000 kwa kila mmoja kabla ya ada za mawakili. Mwaka 2016 yakafuata makubaliano ya dola milioni 240 kwa madereva wa majimbo mengine 20.

Hesabu nzuri, lakini angalia tarehe tena. Dereva aliyenunua tairi mwaka 2003 alisubiri zaidi ya miaka kumi. Haki ilikuja, lakini tairi lilikuwa limeshaisha zamani.

Si kila mahakama iliona hivyo. Mwaka 2009, mahakama ya rufaa ya Washington D.C. iliamua kwamba madereva wa FedEx katika kesi nyingine, iliyohusu haki ya kuunda chama, walikuwa wakandarasi huru. Ndiyo maana usidhani jibu liko wazi kila mara.

Siku hizi FedEx Ground haiandikishani na dereva mmoja mmoja tena. Inaingia mkataba na kampuni ndogo zenye magari yao, na hizo ndizo zinazowaajiri madereva.

Maswali matatu yaliyotokana na kesi ya vifurushi

Kesi nyingine ilihusu Dynamex, kampuni ya kupeleka vifurushi na hati. Mwaka 2004 iliwageuza madereva wake wa California kutoka waajiriwa hadi wakandarasi. Aprili 2018 Mahakama ya Juu ya California ilisema mtu anahesabiwa kuwa mwajiriwa hadi kampuni ithibitishe mambo matatu, yote kwa pamoja:

1. Anafanya kazi bila kuongozwa na kampuni.
2. Kazi yake iko nje ya biashara ya kawaida ya kampuni.
3. Ana biashara yake mwenyewe ya aina hiyo, inayojitegemea.

Swali la pili ndilo gumu kwa kampuni za mizigo. Fundi anayekuja kurekebisha bomba ofisini yuko nje ya biashara ya vifurushi. Lakini dereva anayepeleka vifurushi? Hiyo ndiyo biashara yenyewe! Kipimo hiki kiliingizwa kwenye sheria ya jimbo iliyoanza kutumika Januari 1, 2020. Hata hivyo, Novemba mwaka huo wapiga kura walipitisha sheria nyingine iliyowaweka madereva wa kazi za programu za simu kando, kama wakandarasi.

Na hapa Kenya?

Mahakama zetu za kazi nazo hutazama zaidi ya jina lililoandikwa: nani anaongoza kazi, nani ana vifaa, nani anabeba hasara. Na tofauti ni kubwa mfukoni:

• Likizo: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa siku 21 za likizo yenye malipo baada ya mwaka mmoja. Mkandarasi asipofanya kazi, halipwi.
• Ajali kazini: Sheria ya fidia ya majeraha kazini, maarufu kama WIBA, inamlinda mwajiriwa. Mkandarasi anategemea bima aliyojinunulia.
• Uzeeni: Kwenye NSSF mwajiri anaongeza kiasi sawa na kile anachokatwa mwajiriwa. Mkandarasi anajichangia peke yake.
• Ushuru: Mwajiriwa hukatwa na mwajiri. Mkandarasi anapaswa kujipangia pesa ya KRA mwenyewe.

Salio si mapato

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Tuchukue mfano. Unapokea Sh2,200 kwa siku:

Petroli: Sh600
Malipo ya mkopo wa pikipiki: Sh450
Oili, breki na tairi: Sh150
Bima na siku za gereji: Sh100
Bando na simu: Sh50

Jumla ya gharama ni Sh1,350. Unabaki na Sh850. Kwa siku 26, simu yako imepokea Sh57,200, lakini chako ni Sh22,100. Na hapo bado hujaweka SHA, NSSF wala siku ya kuugua.

Rafiki yako mwenye mshahara wa Sh30,000, pikipiki na mafuta ya kampuni, anaonekana kama anapata nusu yako. Lakini hata baada ya makato anabaki na zaidi ya Sh25,000, na likizo juu.

Hatusemi ukandarasi ni mbaya. Kuna wanaoupenda kwa sababu wanahudumia kampuni tatu, wanajipangia bei na wanakataa mzigo wasioutaka. Huo ni uhuru wa kweli. Hatari ni kubeba gharama za bosi huku ukifuata amri za mwajiriwa.

Fanya haya wiki hii

1. Soma mkataba wako tena. Tafuta nani analipa mzigo ukipotea, na nani analipa ukiumia. Kama haijaandikwa, uliza kwa ujumbe, si kwa mdomo tu.
2. Tumia laini moja kwa kazi. Pesa ya kazi isichanganyike na ya nyumbani, ndiyo uone faida halisi.
3. Pakua taarifa ya miamala kila mwezi. Inaonyesha nani alikulipa, lini, na ulikatwa nini.
4. Hifadhi maagizo. Ujumbe wa kukupangia saa, sare au ruti, na risiti za mafuta na gereji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
5. Jikate mwenyewe kwanza. Malipo yakiingia, tenga ya pikipiki, ya SHA, ya NSSF na ya ushuru kabla ya kutumia.
6. Kabla ya kusaini mkataba mpya, piga hesabu kama ile ya juu. Ukiona kuna utata, ongea na afisa wa kazi wa kaunti au wakili.

Kisha jiulize swali moja rahisi: kesho ukikataa mzigo mmoja na kuchukua wa kampuni nyingine, nini kitatokea? Kama hakuna kitakachotokea, kweli wewe ni mfanyabiashara, na upange bei yako kama mfanyabiashara. Kama utafungiwa kazi, basi una bosi, hata kama mkataba unasema huna.

Mtumie makala hii mwenzako wa stejini. Huenda yeye ndiye anayesaini mkataba kesho asubuhi.