SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KWA NINI SAKAFU YA GHALA HUPASUKA

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwa sakafu ya ghala, yafaa kwanza kujua ufa umetoka wapi. Chama kinachopaka saruji juu ya ufa ule ule kila mwaka hutumia fedha za wanachama bila kuondoa ubovu, na unyevu huendelea kupanda na kuharibu mahindi na mpunga uliomo magunia.

Jiwe, zege na kigae vina tabia moja: huvumilia sana kubanwa, lakini havivumilii kupindwa. Nguvu ya zege ya kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja tu katika kumi ya nguvu yake ya kustahimili kubanwa. Ndiyo sababu vigae vya mawe vilivyolazwa juu ya sakafu ya mbao hupasuka. Mbao hunepa chini ya mzigo, hutanuka kwa unyevu na kusinyaa zikikauka. Kigae hakiwezi kuzifuata.

Katika mbuga za Kimamba na uwanda wa Mkata, udongo mfinyanzi mweusi hufanya kama zile mbao. Wakati wa masika hunywa maji ukavimba. Wakati wa kiangazi husinyaa ukaacha nyufa. Udongo ulio katikati ya ghala hukingwa na paa, bali ule wa pembezoni hulowa na kukauka. Hivyo sakafu huinuliwa upande mmoja na kukosa tegemeo upande mwingine, nayo hupasuka.

Kabla bodi ya chama haijaidhinisha fedha za ujenzi au matengenezo, ihakikishe mambo haya:

1. Shimo lichimbwe ili udongo wa chini ukaguliwe.
2. Udongo mweusi uondolewe, na badala yake uwekwe moramu, ukishindiliwa kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15.
3. Nailoni nzito itandikwe kabla ya kumwaga zege, ili kuzuia unyevu.
4. Zege limwagwe kwa vipande vyenye viungo kati yake, na limwagiliwe maji kwa muda wa siku 7 angalau.
5. Mifereji iondoe maji ya mvua mbali na kuta.
6. Kama vigae vinatakiwa, vilazwe mwisho, na viungo vya zege visifunikwe navyo.

Katibu anayewasilisha makisio mbele ya mkutano mkuu aanze na gharama za udongo na moramu, ndipo afike kwenye bei ya vigae. Uimara wa sakafu hutokana na kile kilicho chini yake.