Kabla ya Kuihukumu Shule Ndogo kwa Wastani

Matokeo ya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, yakitangazwa, mzazi wa Mwabungo, pwani ya kusini ya Kenya, huuliza jambo moja: shule imepata wastani gani? Kwa shule yenye mamia ya wanafunzi, wastani huo una maana. Kwa shule ndogo ya umma, hasa inayopokea waliokatiza masomo au iliyo na kitengo cha mahitaji maalum, unaweza kupotosha. Uliza haya kwanza.

1. Waliofanya mtihani ni wangapi?

KJSEA ina masomo 9, na kila somo hutoa alama 1 hadi 8. Upeo ni 72. Tuseme watahiniwa ni 10. Mmoja aliyetarajiwa kupata 60 akiambulia 20 kwa sababu ya homa, wastani wa darasa zima hushuka kwa alama 4, na mwalimu hajabadilika. Kwa hiyo omba hesabu kamili badala ya asilimia, na utazame miaka 3 kwa pamoja.

2. Walioanza nao wako wapi?

Linganisha rejista ya Gredi ya 7 na orodha ya watahiniwa. Ikiwa walianza 16 wakafanya mtihani 10, wale 6 ni sehemu ya matokeo. Kuna aliyehama kwa barua ya uhamisho, aliyefuata wazazi dago, kambi ya wavuvi, msimu wa kaskazi, aliyeingia bodaboda, aliyeolewa. Kila mmoja ana dawa yake. Msichana aliyejifungua, kwa mfano, ana haki ya kurudi darasani. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 umeeleza utaratibu.

3. Wanafunzi wenyewe ni kina nani?

Tenga hesabu kwa jinsia, umri, ulemavu, na walioingia katikati ya safari. Uliza pia kuhusu wasio na vyeti vya kuzaliwa. Pwani ya kusini tatizo hili lina historia ya wazazi wasio na vitambulisho: Wamakonde walianza kupewa vitambulisho 2017, na Wapemba wakatambuliwa kuwa raia 2023. Kwa miaka mingi NEMIS, mfumo wa kusajili wanafunzi, ulidai cheti cha kuzaliwa, na mgao wa serikali, uliowekwa kuwa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 15,042 kwa wa sekondari msingi, hufuata majina yaliyosajiliwa. Mtoto asiyesajiliwa hula chaki ya wenzake. Mzazi aanzie kwa chifu, kisha ofisi ya usajili wa kiraia.

4. Wametoka wapi, wamefika wapi?

Katika kupangiwa Gredi ya 10, KPSEA ya Gredi ya 6 huchukua asilimia 20, tathmini za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA 60. Basi mpime mtoto kwa alipoanzia. Aliye katika kitengo maalum hupimwa kwa mpango wake binafsi: jana alivalishwa viatu, leo anavaa mwenyewe, hayo ni matokeo. Fuatilia pia waliomaliza: nani yuko sekondari pevu, nani chuo cha ufundi, nani yuko nyumbani.

Uulize wapi?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi nafasi 6 za kuchaguliwa katika bodi ya usimamizi wa shule. Anza na hao. Ikishindikana, andika barua; Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ijibu ndani ya siku 21.

Lakini usidai majina. Katika darasa la watu 10, ukiandika “msichana mmoja mwenye ulemavu, alama 18”, kijiji kizima kimeshamjua. Kundi likiwa na watoto wachache mno, liunganishe na jingine, au ujumlishe miaka, kabla ya kubandika karatasi ukutani.

Mkutano wa wazazi ujao, ombeni safu nne tu: walioanza, walioondoka na sababu, waliofanya mtihani, na walikokwenda baadaye. Wastani uje wa tano.