Dondoo muhimu: Shule ya mtoto ikitajwa kufungwa

Shule ndogo ya binafsi huishi kwa ada. Wanafunzi kumi wakihama, mishahara na kodi ya jengo hubaki palepale, na pengo huwaangukia waliobaki. Ndiyo maana uvumi unaweza kuifunga shule kabla ya madeni. Wazazi waitishe kikao mapema, waombe kuona mapato na madeni, kisha wakubaliane ada ilipwe kwa muhula, si kwa mwaka mzima. Wapo watakaosema hesabu ni siri ya mwenye shule. Lakini anayewaomba wazazi wavumilie amewaomba wabebe hasara pamoja naye, na haki yao ya kujua inaanzia hapo.

Wengine huona kuulizia uhamisho ni usaliti. Sivyo. Nchini Tanzania mwanafunzi wa msingi ana namba ya PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na mtahiniwa wa darasa la nne au la saba husajiliwa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kupitia shule yake. Shule ikifungwa katikati ya mwaka, mtahiniwa huyo ndiye anayeumia zaidi. Wazazi, chukueni nakala za kumbukumbu za mtoto sasa, na mwoneni Afisa Elimu Kata kabla usajili haujafungwa.