Mjomba ameuza kisiwa cha kijiji

SWALI: Shangazi, kijiji chetu kipo kando ya mto Rufiji. Katikati ya mto kuna kisiwa kidogo. Maji yakishuka tunalima mahindi ya mlao, yaani kwenye tope linaloachwa na mafuriko, na wavuvi huanika samaki hapo. Mjomba wangu, mwenyekiti wa kijiji, amesaini karatasi ya kumuuzia kisiwa hicho tajiri wa mjini anayetaka kujenga hoteli. Familia yetu imeahidiwa mgawo. Mama anasema nikipinga nitakuwa nimemvua nguo kaka yake. Nifanyeje?
Msomaji, Rufiji

JIBU: Mwanangu, mgawo huo usiupokee, kwa sababu mjomba wako ameuza kitu asicho na mamlaka ya kukiuza. Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kisiwa kikiwa ndani ya mipaka ya kijiji, kinasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, nayo hairuhusu hata halmashauri nzima ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji, yaani ninyi wanakijiji watu wazima wote. Sahihi ya mwenyekiti peke yake, hata ikigongwa muhuri, haimpi mnunuzi haki. Na kama nyuma ya tajiri huyo yupo asiye raia, huyo hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, kwa utaratibu unaovuka ngazi ya kijiji.

Mtaambiwa kisiwa ni kidogo na masika hufunikwa na maji, kwa hiyo hampotezi kitu. Lakini mafuriko hayo ndiyo yanayoacha tope linalootesha mahindi yenu, na udogo huo unampinga mnunuzi mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni kutoka kila upande: kisiwa chenye upana usiofika meta 120 hakibakizi mahali pa kuchimba msingi. Wengine watasema hoteli italeta ajira, na hoja hiyo ni ya kusikilizwa, maana kijana asiye na kazi hashibi kwa vifungu vya sheria. Hata hivyo, ajira haihitaji kisiwa kiuzwe. Mwekezaji wa kweli atakuja mkutanoni, aeleze anachotaka kufanya bila majengo ya kudumu, mkubaliane muda, malipo ya kuingia akaunti ya kijiji, na mahali pa wavuvi kufunga mitumbwi. Anayesainiana na mtu mmoja faraghani, ahadi zake za ajira mtamdai kwa hati gani?

Mama yako ana haki ya kuhofia aibu, kwa hiyo usianzie mkutanoni. Mfuate mjomba nyumbani, uende na mzee anayemheshimu, umweleze kwa adabu kwamba karatasi ile inamhatarisha yeye kwanza: mnunuzi atadai fedha zake, wanakijiji watadai ardhi yao. Mpe nafasi ya kurudisha fedha na kuitisha mkutano mwenyewe. Akikataa, wewe na wenzako andikeni malalamiko kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa afisa ardhi wa wilaya, mkiomba mkutano uitishwe na muhtasari uandikwe. Hapo hutakuwa umemvunjia heshima. Undugu unakudai umwambie mjomba ukweli mapema, kabla fedha hazijaliwa.