Paka na dawa ya panya

Swali: Daktari, jirani yangu hapa Umoja alitega dawa ya panya ya wachuuzi. Paka wangu akatokwa na udenda, akatetemeka, akafa. Ilikuwaje?

Jibu: Pole sana. Dalili hizo ni za sumu kama kabameti. Neva huamrisha msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini, kisha kimeng'enya huivunja papo hapo. Sumu hukizuia kimeng'enya; amri haikomi, misuli hutetemeka mpaka pumzi ikakatika. Ndivyo Furadan, dawa ya wadudu shambani, ilivyoua simba na tumbusi Kenya, hadi kampuni iliyoitengeneza, FMC, ikaanza kuiondoa madukani mwaka 2009. Vipakiti visivyo na lebo? Mimi sivigusi. Siku nyingine usihangaike na maziwa: mkimbize kwa daktari wa mifugo na kipakiti chenyewe. Dawa ya atropini ikiwahi huweza kuokoa.