Paka wa jirani na usafi wa ua wetu

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo paka hafungwi kamba wala hafungiwi ndani. Ana mwenye, lakini analala huku, anawinda kule, na haja yake anaifanya popote anapokuta udongo laini. Mara nyingi udongo huo ni wa jirani. Mama anaamka kwenda kuchuma mchicha, anakuta tuta limefukuliwa na harufu inampiga puani. Hapo maneno huanza kurushwa juu ya ua, na wako majirani waliofikia kunyimana hata kaa la moto kwa sababu ya paka mmoja.

Kabla ya kumhukumu tumtendee haki. Asiye na paka anajua panya wanavyolifanya ghala la mahindi na gunia la maharage. Mbali na kula, panya wanachafua chakula kwa mkojo wao, na viroboto vyao huweza kubeba maradhi mabaya. Wenzetu wa Lushoto walipata tauni kuanzia mwaka 1980, na ugonjwa huo ulirudi mara nyingi katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo anayetaka paka wote wa kijiji wauawe hajalifikiria ghala lake mwenyewe. Na wanaosema kila paka mweusi ametumwa na mtu tunawaomba waliache jambo hilo, kwa maana ubaya tunaouzungumzia hauna rangi. Uko katika kinyesi.

Ndani ya kinyesi cha paka huweza kuwamo kimelea kiitwacho toksoplasma. Kilitambuliwa mwaka 1908, lakini ilipita miaka kama 60 kabla ya wataalamu kugundua kuwa paka ndiye anayetoa mayai yake. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Baada ya hapo hutoa mayai hayo kwa muda wa wiki 1 hadi 3, kwa mamilioni, nayo hayaonekani kwa macho. Kwa kawaida jambo hili humtokea mara moja tu maishani, hasa akiwa bado mdogo na ndiyo kwanza anajifunza kuwinda. Paka mzee wa jirani, basi, hana hatari kubwa kama vile vitoto vitano vilivyozaliwa juzi.

Kuna jambo lingine linalotusaidia sana. Kinyesi kibichi bado hakiambukizi. Mayai yanahitaji kukaa nje siku 1 hadi 5 ndipo yapate nguvu ya kumdhuru mtu. Anayeondoa uchafu kila asubuhi anauwahi ugonjwa. Anayeuacha mpaka Jumamosi ya usafi amechelewa. Udongo wenye unyevu na kivuli, kama ule wa migombani chini ya matandazo ya nyasi, huweza kuyatunza mayai hayo zaidi ya mwaka mzima. Jua kali na ukavu huyaua.

Mtu mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi hasikii lolote, au hupata homa ndogo na kuvimba tezi za shingo. Wa kuogopewa ni watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mama mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito. Kimelea huweza kumfikia mtoto tumboni, mimba ikatoka, au mtoto akazaliwa na maji kichwani, au macho yake yakaharibika baadaye. Wa pili ni mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka. Kwake kimelea kilichokuwa kimelala mwilini huamka na kushambulia ubongo: kichwa kinauma bila kupoa, homa, kuchanganyikiwa, degedege, upande mmoja wa mwili kulegea. Mkoa wetu wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na tunaamini kwamba si wagonjwa wachache wa namna hii waliopelekwa kwa waganga wa kienyeji kwa kudhaniwa wamerogwa.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko wengi hatuangalii. Watu wengi humwaga jivu kwenye matuta ili kumfukuza paka. Lakini jivu lililopoa ni laini na kavu, na paka hulipenda kuliko udongo. Usiku moto ukizimika anaingia jikoni, anajisaidia kati ya mafiga, anafukia na kuondoka. Asubuhi mama analizoa jivu lile kwa mkono. Mengine anasugulia sufuria, mengine anachanganya na maharage ya mbegu yasiliwe na wadudu. Huenda ni mama yuleyule mwenye mimba ya miezi mitatu. Mlango wa jiko ufungwe usiku, hata kama ni wa mabanzi tu, na jivu la kutumia liwekwe katika debe lenye kifuniko mara linapopoa.

Mahali pa pili ni chungu ya mchanga wa kujengea. Familia inanunua mchanga, fedha za saruji zinachelewa, na chungu inakaa mwaka mzima. Mchana watoto wanaichezea, usiku inakuwa choo cha paka wote wa kitongoji. Humo watoto huokota pia minyoo ya paka. Mmoja wao hupenya ngozi ya mguu na kutambaa chini yake kama mstari mwekundu unaowasha sana. Ifunikeni kwa turubai, au kwa matawi ya miiba ikiwa turubai hakuna.

Matuta ya mboga yazuiwe vivyo hivyo: miiba, mabua ya mahindi yaliyolazwa karibu karibu, au fito zilizosimikwa hadi mboga ikue na kuufunika udongo. Kinyesi kizolewe kila asubuhi kwa jembe au koleo na kutupwa chooni. Mama mjamzito na mwenye kinga dhaifu wasiifanye kazi hiyo. Aifanye baba au kijana mkubwa, kisha anawe kwa sabuni. Dawa ya klorini haiyaui mayai haya, ila maji yanayochemka yanayaua. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe, mboga zioshwe vizuri, na nyama iive hadi ndani, kwa sababu nyama ya mbuzi au nguruwe isiyoiva huleta ugonjwa huuhuu hata kwa nyumba isiyo na paka. Wanaopewa septrini kliniki wasiiache bila kuambiwa na mganga, maana inawakinga pia na toksoplasma.

Na jirani je? Usimwendee asubuhi ukiwa na hasira na ushahidi juu ya koleo. Nenda jioni, keti, mueleze habari ya mayai na ya wajawazito, kwani pengine naye ana binti mjamzito. Mwombe atengeneze nyuma ya nyumba yake mahali palipolimwa laini, pachanganywe mchanga, pafunikwe kwa kijipaa kidogo pasilowe. Paka atapapenda kuliko tuta lako. Amlishe nyumbani kila jioni chakula kilichopikwa, wala asimtupie matumbo mabichi siku ya kuchinja. Dume ahasiwe; ulizeni kwa afisa mifugo wa kata. Dume aliyehasiwa hazururi sana. Vitoto vitafutiwe wenyewe mapema badala ya kutupwa gulioni, ambako vitakula mizoga na kuchafua ua za watu wengine.

Akikataa kabisa, pelekeni shauri kwa mwenyekiti wa kitongoji au mlizungumze kwenye jumuiya. Sumu msiitege. Kipande cha dagaa chenye dawa ya panya hakichagui: kuku atakiokota, mbwa atakiokota, na mtoto anayetambaa atakiokota kabla yao.

Tena mfundisheni mtoto asimkamate paka asiyemjua. Paka naye hupata kichaa cha mbwa. Akimng'ata au kumparura, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe zahanati au hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni kidogo.